Shingo ya Baiskeli na Gololi Zake



Mwanafunzi mmoja wa hapa Bunia alitujia na swali. Baba yake ana baiskeli nyeusi iliyotoka China, ambayo kwayo huleta mjini makaa na ndizi, na siku za shule humpakia binti yake mdogo nyuma. Tangu majira ya mvua baiskeli hiyo imeanza kugonga upande wa mbele: ko, ko, ko, kila iingiapo shimoni. Fundi mmoja aliitazama, akatikisa kichwa, akasema uma wa mbele umekufa, haina budi kununua mwingine pamoja na vyombo vyake vyote. Baba akahesabu fedha zake, akaona kwamba zilizopo ni zile za karo ya muhula. Basi kijana anauliza kama ni kweli kwamba uma umekufa.

Nilimjibu kwamba huenda ni kweli, lakini hata mtu hazikwi kabla ya kutazamwa kama angali anapumua. Nikamwambia aje Jumamosi pamoja na baba yake, na baiskeli, na kopo tupu mbili. Haya niandikayo leo ni kazi tuliyoifanya siku ile, pamoja na mambo ambayo mimi mwenyewe nilijifunza zamani kwa njia ya uchungu.

Labda mwingine atasema: siku hizi Bunia imejaa pikipiki, nani ajalie baiskeli? Mtu huyo na asimame alfajiri kando ya njia moja ya zile ziingiazo mjini. Ataona makaa, ndizi, mihogo na madumu ya maji, yote yakisafiri juu ya magurudumu mawili, na mwenye mzigo akitembea kando kwa miguu, akiongoza kwa fimbo aliyoifunga kwenye usukani. Tena wazee wetu hawajasahau mwezi wa Mei 2003, vita vilipokuwa ndani ya mji, na watu maelfu kwa maelfu wakashika njia ya Komanda kwenda Beni. Mwenye baiskeli alipakia mtoto, godoro na sufuria, akasukuma. Chombo cha namna hiyo si mchezo, bali ni mali ya nyumba, na kikiharibika nyumba nzima huona.

Sasa, shingo ya baiskeli ni nini? Tazama pale mbele, chini ya usukani. Kuna bomba fupi nene, sehemu ya kiunzi. Ndani yake hupita mti wa chuma wa uma, yaani kile chombo chenye miguu miwili kinachoshika gurudumu la mbele. Juu na chini ya bomba hilo vimepigwa vikombe viwili vidogo vya chuma kigumu. Kila kikombe kina mwenzake anayekielekea, nami nitamwita koni. Koni ya chini imekaa juu ya mabega ya uma. Koni ya juu huzungushwa kwa hesi katika kichwa cha mti wa uma, na juu yake hukaa washa, pengine na kipande cha kushikia taa, kisha nati kubwa ya kufunga vyote. (Katika baiskeli nyingine kikombe ndicho kilicho cha uma, na koni ni ya bomba. Si neno, kazi ni ile ile.) Katikati ya kila kikombe na koni yake zimepangwa gololi za chuma, ambazo wengi wetu hapa huziita bili kwa kufuata Kifaransa. Basi mzigo wote wa mbele wa baiskeli hulala juu ya gololi za chini, nazo zina unene wa kadiri ya milimeta 4 tu.

Gololi katika baiskeli ni jambo la kale. Mwaka 1869 fundi wa Paris, Jules Suriray, alipewa hati ya uvumbuzi wake wa kutumia gololi katika baiskeli, na mwaka ule ule Mwingereza James Moore alishinda mashindano ya kutoka Paris mpaka Rouen, akipanda baiskeli yenye gololi. Lakini siku zile kutengeneza gololi zilizo sawasawa kulikuwa kazi ngumu. Mwaka 1883 Friedrich Fischer wa mji wa Schweinfurt, Ujerumani, aliunda mashine ya kuzisaga gololi za chuma cha pua hata zote zikawa za kipimo kimoja. Kipimo kimoja, ndilo neno nililotaka mlishike. Gololi moja iliyo nene kupita wenzake, hata kwa unene wa unywele, ndiyo itakayobeba mzigo peke yake, na nyingine zitakaa bure kama wageni. Tutarudi hapo.

Vijana wa shule wataniuliza: mbona shingo huharibika upesi, na usukani hauzunguki kama gurudumu? Ajabu ni kwamba huharibika kwa sababu hiyo hiyo ya kutozunguka. Gololi za kitovu cha gurudumu huzunguka saa zote; kila mara hukanyaga mahali papya, na kila mara hujipaka mafuta. Gololi za shingo, baiskeli inapokwenda mbele, husimama karibu mahali pamoja, zikitikisika kidogo tu. Kila shimo la njia huzipigilia chini pale pale. Grisi iliyo chini yao husukumwa kando, wala hairudi, kwa kuwa hakuna mzunguko wa kuirudisha. Ndipo chuma husugua chuma kikavu, na siku kwa siku kila gololi hujichimbia kitanda chake. Mwisho usukani huwa na kituo: ukiugeuza polepole unasikia umeanguka katika kifuo, hasa pale unapoelekea mbele. Ongezeni sasa vumbi letu jekundu la kiangazi na matope ya masika. Ongezeni na desturi ya kuiingiza baiskeli mtoni Shari ili kuiosha, maji yakafika mpaka vikombeni. Mtu atokaye mtoni huona baiskeli inang'aa, akafurahi, na ndani kutu imekwisha kuanza.

Hapa yanipasa kusimulia kosa langu mwenyewe. Zamani, nilipokuwa kijana, nilikuwa nikishuka Kasenyi kununua samaki. Mnajua njia ile. Bunia iko katika kimo cha zaidi ya mita 1,200, na Ziwa Albert liko kadiri ya mita 620. Ukiisha kupita Bogoro nchi hukatika, na njia hushuka bondeni kwa mizunguko. Baiskeli yangu ilikuwa ikigonga shingoni kama hii ya baba wa mwanafunzi wetu. Mimi, badala ya kuifungua, nilitwaa spana ndefu nikaikaza nati ya juu mpaka mgongo wa ile sauti ulipovunjika. Kimya kabisa! Nikajisifu kuwa fundi. Nikampakia mtoto wa dada yangu nyuma, tukaondoka.

Toka Bunia mpaka Bogoro baiskeli ilikuwa ikiyumba kama mtu aliyetoka kilabuni. Nikadhani ni mtoto hakai vizuri, nikamgombeza. Kumbe mtoto hakuwa na kosa. Baiskeli haisimami kwa nguvu za mwendeshaji tu, bali husimama kwa kuwa gurudumu la mbele hujigeuza kidogo kidogo, kushoto na kulia, bila sisi kufikiri, likiufuata mwili uangukiapo. Ukiibana shingo hata isiweze kujigeuza kwa wepesi, umeinyima baiskeli akili yake. Katika nchi tambarare utayumba. Katika mteremko, na vifuo vile vya gololi vikiushika usukani uelekee mbele tu, utakwenda mbele tu, hata njia ikipinda. Ndivyo ilivyokuwa. Njia ilipinda, sisi tukaenda mbele. Mimi niliambulia michubuko, lakini mkono wa kushoto wa mpwa wangu ulivunjika, na hata leo, naye ni mtu mzima mwenye watoto, haunyooki sawasawa. Hajanilaumu kamwe. Dada yangu alinilaumu, na alikuwa na haki.

Kwa hiyo mtu akiniuliza lipi lililo baya zaidi, shingo iliyolegea au iliyobanwa mno, mimi nina jibu. Iliyolegea hugonga na kuvunja vikombe, nayo hukupigia kelele kila siku ili uitengeneze. Iliyobanwa hunyamaza.

Turudi kwa baiskeli ya Jumamosi. Kwanza, kabla ya kufungua kitu chochote, tuliipima, kwa maana si kila mgongano wa mbele hutoka shingoni. Shika breki ya mbele kwa nguvu, weka kidole cha mkono wa pili pale bomba la kiunzi linapokutana na uma, kisha isukume baiskeli mbele na nyuma. Kidole kikisikia uma unachezacheza, shingo imelegea. Lakini shika pia gurudumu lenyewe, ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, ubaya u katika kitovu cha gurudumu. Tena baiskeli zetu hizi za breki za vyuma virefu, kama Phoenix, Forever, Hero, au zile Raleigh za zamani, vyuma vyenyewe vya breki vikichakaa hulia sana, na mtu huishutumu shingo bila haki. Mwisho inua mbele, uugeuze usukani polepole kwa kidole kimoja. Ule wa baiskeli yetu ulikuwa ukikwaruza kama mchanga katika meno, na katikati ulikuwa na kifuo kidogo. Basi shingo ilikuwa mgonjwa kweli.

Tulitandaza gunia kuukuu chini, na juu yake sinia. Jambo hili msilidharau. Gololi za chini zitaanguka hapo uma utakaposhuka, na gololi iliyoanguka uani haionekani tena. Vilevile wafungieni kuku. Mimi nimewahi kuona jogoo akimeza gololi mbili kwa kudhani ni punje, na mwenye jogoo hakukubali achinjwe kwa ajili hiyo.

Ondoa gurudumu la mbele. Legeza vyuma vya breki vinavyofungamana na usukani, ukitazama vizuri jinsi vilivyokaa. Kijana wetu alivichora katika daftari lake, na ilikuwa busara. Kisha legeza ile skrubu ndefu iliyo juu ya shingo ya usukani, mizunguko mitatu au minne tu, usiitoe. Ndani ya mti wa uma, mwishoni mwa skrubu hiyo, pana kabari ya chuma iliyobana. Weka kipande cha ubao juu ya kichwa cha skrubu, upige nyundo mara moja kwa nguvu ya kiasi. Kabari itashuka, na usukani utalegea. Usipige bila ubao, maana utaharibu kichwa cha skrubu, na siku nyingine spana haitakishika. Usukani ukikataa kutoka kwa sababu ya kutu, tia mafuta ya taa pande zote, uuache mpaka kesho. Wa kwetu ulikataa kwa muda wa saa moja, na baba mtu alianza kutazama nyundo kubwa. Nilimsihi tunywe chai kwanza. Baada ya chai ukatoka.

Sasa fungua nati kubwa, ondoa washa na kishikio cha taa, uvipange kwa utaratibu juu ya kitambaa, cha kwanza kutoka kiwe cha kwanza katika mstari. Mwenzako na aushike uma kwa mkono, akiusukuma juu, wakati wewe ukiifungua koni ya juu. Toa gololi za juu moja moja, uzitie katika kopo la kwanza. Kisha ushushe uma polepole juu ya sinia; gololi za chini zitie katika kopo la pili. Msizichanganye, kwa kuwa mara nyingine za juu na za chini si za kipimo kimoja. Zihesabuni.

Tukahesabu. Juu zilikuwa 24. Chini zilikuwa 17 tu, nazo za namna mbili. Kumi na moja zilikuwa ndogo, za kipimo chake halali, na sita zilikuwa nene, za kipimo kinachotumika kwa kawaida katika kitovu cha gurudumu la mbele. Mtu alikuwa amepotezewa gololi, akajaza pengo kwa alizozipata. Nani? Baba akacheka kidogo, akasema ni yeye, miaka miwili iliyopita. Hapo kumbukeni habari ya Fischer na mashine yake. Gololi zile sita nene ndizo zilizobeba makaa yote, ndizi zote, na mtoto. Na nyingine kumi na moja zilikuwa zikitembea ovyo chini yake zikigonga. Grisi haikuwapo hata kidogo. Palikuwa na uji mwekundu wa kutu na vumbi, wenye harufu ya mawese.

Juu ya mawese niseme neno. Najua kwamba yako karibu, na ya grisi ni ya kununuliwa. Lakini mafuta ya kupikia, yakae siku nyingi katika hewa na joto, huchacha, huganda kama gundi, na kila chembe ya vumbi hunata humo. Tena siafu huyapenda. Mafuta machafu yaliyotolewa katika injini nayo hayafai. Ni mepesi, hutiririka yakatoka, na yamejaa unga wa chuma na masizi. Grisi ni nini? Ni mafuta ya mashine yaliyochanganywa na namna ya sabuni. Sabuni hiyo huyashika mafuta kama sifongo lishikavyo maji, ikayaachilia kidogo kidogo pale yanapohitajiwa. Kwa hiyo hukaa mahali pake, na huzuia maji yasiingie. Kiasi kinachojaa vijiko viwili vya chakula kinatosha shingo nzima. Mafundi wa pikipiki wote wanayo, na mtu akiwaomba kiasi hicho kwa upole hawamtozi fedha nyingi.

Tukaosha vyote kwa mafuta ya taa na unyoya wa kuku, mbali na jiko, kisha tukavikausha kwa kitambaa mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Msioshe kwa petroli ya motokari, ambayo hushika moto kwa mbali, hata kabla hujaiona hatari.

Vikombe vikiisha kutakata, vitazameni juani. Njia ya gololi yapasa kung'aa kama mstari mmoja laini. Vikiwa na ufa, au vidimbwi ambavyo ukucha unakwama ndani yake, vimekwisha. Lakini hata hapo si uma uliokufa! Ni vikombe na koni tu, navyo huuzwa peke yake. Chukua vile vya zamani mkononi uendapo sokoni ukavilinganishe, kwa sababu hesi si zote sawa: Raleigh za zamani zilikuwa na nyuzi 26 katika inchi moja, na baiskeli nyingine nyingi zina 24. Koni isiyo ya nyuzi zako itaingia mizunguko miwili kisha ikwame, nawe ukiilazimisha utaharibu kichwa cha uma, na hapo ndipo yule fundi atakapokuwa amesema kweli.

Vidimbwi vya kwetu vilikuwa hafifu, ukucha ulipita juu yake. Kwa hali ya namna hiyo kuna werevu mmoja. Gololi nyingine huuzwa zikiwa zimefungwa ndani ya pete ya bati. Pete huzirahisishia mikono ya fundi, lakini huchukua nafasi, hata gololi zikawa chache. Na zikiwa chache kila moja hupigilia kwa nguvu zaidi. Ukiiacha pete na kuweka gololi huru, zitaingia nyingi zaidi, mzigo utagawanyika, na hazitaangukia katika vitanda vile vya zamani vyote kwa pamoja. Ni kazi ya kidole na subira tu.

Gololi za zamani usizirudishe ukinunua mpya, wala usichanganye mbili mpya na ishirini kuukuu. Kuukuu zimekwisha kupungua unene, ingawa jicho halioni. Nunua za shingo nzima, juu na chini. Za shingo mara nyingi zina kipimo cha inchi 5 kwa 32, yaani karibu milimeta 4, lakini njia ya hakika ni kupeleka moja iliyo nzuri na kuilinganisha. Kijana alitumwa sokoni, akarudi na gololi 50 na zaidi katika karatasi, zote ndogo kama mbegu za mpapai, na baba hakuamini kwamba hizo ndizo dawa ya ugonjwa uliotaka kula karo.

Paka grisi katika kikombe, nusu ya kina chake. Bonyeza gololi ndani moja moja kwa kidole. Grisi itazishika, hata ukikipindua kikombe hazianguki. Jaza mzunguko wote mpaka isiingie nyingine, kisha utoe moja. Katika kikombe chetu cha chini zilienea 26, tukaacha 25. Pengo hilo dogo ni la lazima, kwani gololi zilizobanana husuguana zenyewe kwa zenyewe, wala hazizunguki. Lakini pengo la gololi nyingi, kama tulilolikuta, ni balaa. Juu yake paka grisi nyingine kuzifunika. Fanya vivyo hivyo kwa kikombe cha juu. Ingiza uma taratibu kutoka chini, usiuinamishe, na mwenzako aushike asiuachilie hata akiumwa na nzi. Zungusha koni ya juu kwa mkono mpaka iguse gololi, kisha uirudishe nyuma kidogo sana, kadiri ya moja ya nane ya mzunguko. Rudisha washa, kishikio cha taa, na nati.

Sasa tumefika mahali ambapo mafundi wengi huharaka, na mimi mwenyewe ndipo nilipokosea siku zile. Unapoikaza nati ya juu, nati huisukuma koni chini kidogo, kwa sababu hesi haikosi kuwa na uwazi kati ya nyuzi zake. Basi shingo iliyokuwa sawa kabla ya kukaza nati, baada ya kukaza imebana mno. Kwa hiyo acha ulegevu mdogo kwanza, shika koni kwa spana moja isizunguke, kaza nati kwa spana ya pili, ndipo upime. Inua mbele: uma na uanguke kushoto na kulia kwa uzito wake wenyewe, bila kukwama katikati. Kisha rudisha gurudumu, shika breki, sukuma mbele na nyuma: pasiwe na mgongano hata mdogo. Ukiona moja ya hayo mawili imekosa, fungua nati, geuza koni kwa unene wa unywele, kaza tena. Sisi tulirudia mara tano. Mara ya tatu baba alisema imetosha. Mwanawe alikataa, nami nilimpenda kwa hilo.

Kabla ya kuurudisha usukani, paka grisi nyembamba katika mti wake, ili usigandamane tena kwa kutu. Uuingize ndani vya kutosha. Ukiwa na alama ya mwisho, alama hiyo isionekane nje. Watu warefu hupenda kuuinua mno, nao ukivunjika njiani hakuna breki wala uongozi. Kaza skrubu, kisha simama mbele ya baiskeli, bana gurudumu kati ya magoti, ujaribu kuupinda usukani. Usigeuke kwa nguvu za kawaida za mtu. Vyuma vya breki tukavirudisha kwa kufuata picha ya daftarini, na breki zikashika.

Saa kumi jioni baba alipanda, akazunguka uani mara mbili, kisha akatoka njiani, akapita katika shimo lile kubwa la mbele ya nyumba yetu, ambalo kila mtu hulikwepa. Alirudi akalipita tena. Hapakuwa na sauti, na safari hii ulikuwa ukimya wa kweli, kwa maana nilikuwa nimeona usukani ukigeuka kwa kidole.

Nilimwagiza arudi baada ya juma moja au mawili. Gololi mpya hujitafutia makao, grisi hujipanga, na ulegevu mdogo hutokea; ni lazima kupima tena kwa breki na kidole, na kugeuza koni kidogo ikihitajiwa. Baada ya hapo shingo ya baiskeli ibebayo mizigo katika njia zetu na ifunguliwe mara moja kwa mwaka, vizuri zaidi masika yakiisha. Ya mwanafunzi aendaye shule tu yaweza kungoja miaka miwili. Grisi iliyobaki kijana aliifunika katika kopo lake, asije mchanga akaiingia. Ameniambia kwamba kitovu cha gurudumu la nyuma nacho kinalia, na Jumamosi ijayo atakuja. Kuku tutawafungia mapema.